Difu ya Bugomora

Mdogo wangu Mugisha alipofungua nati ya difu, lile bonge la gia kati ya matairi ya nyuma ya gari, ili mnunuzi aangalie oili, harufu ilinifikia mimi niliyekuwa mlangoni mwa jiko, nimeshika kisu na ndizi niliyokuwa naimenya. Oili ya difu hainuki kama oili ya injini. Ina ukali wa kiberiti ndani yake, na ukiwahi kuivuta ukiwa mtoto mwenye hofu, hutaisahau. Nilikiweka kisu chini nikarudi nyuma ya mlango, mtu mzima mimi, mama wa watoto wakubwa.

Baba tulikuwa tumemzika majuzi tu. Majirani walikuwa bado wanakuja kutupa pole, nyasi za uani zimelala kwa kukanyagwa. Mugisha aliona pikapu ya marehemu itaozea chini ya mparachichi, na kule mjini siku hizi kuna watu wanaotafuta magari ya kizamani ili wayapake rangi na kuyaringia. Sikuwa na hoja ya kumpinga. Ila harufu ile ilinichukua ikanirudisha Nyakakika ya wakati ule, kwenye wiki moja ambayo nilikuwa na hakika kwamba gari letu linataka kuniulia mama.

Ninyi wenzangu wa umri wangu mliokulia huku mnakumbuka hali ilivyokuwa. Pikipiki ilikuwa ya padri na ya bwana shamba. Simu ilikuwa kitu cha kusikia redioni. Katika kijiji chetu gari lilikuwa moja, nalo ni hilo la Baba, kuukuu tangu siku alipolinunua, la rangi nyekundu iliyokolea mpaka ikakaribia weusi. Kwa rangi hiyo Bibi, mama yake Baba, aliliita Bihogo, jina tunalowapa ng'ombe wa rangi hiyo, na watu wote wakalifuata. Bihogo ilibeba ndizi, kahawa, maharusi, wagonjwa na majeneza. Ikikohoa barabarani, watu walijua nani anapita bila kuinua macho.

Sasa, mama alikuwa mjamzito, na hilo ndilo lililokuwa limeikalia nyumba yetu. Mimba iliyotangulia, uchungu ulimshika Bihogo ikiwa safarini na kahawa. Wanaume walimbeba kwenye engozi, ile machela yetu ya miti na ngozi, wakipokezana mabega milimani. Waliporudi walirudi na mama peke yake, amelala humo amegeukia pembeni, na hakuna aliyenieleza kitu. Nilijieleza mwenyewe kwamba mtoto amebaki hospitali mpaka ajifunze kutembea. Nilimsubiri muda mrefu kabla sijaacha kuuliza.

Kwa hiyo tumbo la mama lilipokua tena, Baba alianza kuichunga Bihogo kama yai. Hakuikodisha tena. Na katika kuichunga huko, akaenda kupanda kilima na mzigo mdogo tu wa ndizi za kanisa, difu ya nyuma ikakatika meno. Nilikuwa naye. Tulisikia kitu kikisagika chini yetu, halafu injini ikawa inanguruma bure na gari limesimama. Baba alikaa ameshika usukani, akasema polepole, "Siyo sasa." Kisha akaegemeza paji la uso kwenye mikono yake.

Difu ya gari la umri ule haikupatikana popote. Baba alizunguka Karagwe yote, akavuka mpaka Kyerwa, na huko Bugomora akaonyeshwa gari dogo, teksi ya zamani, lililokuwa limelala kwenye korongo tangu msimu wa mvua. Liliteleza usiku likaenda na mwenye nalo, akafia humo. Nyuma lilikuwa zima kabisa. Ndugu wa marehemu wakakubali difu itolewe, na Baba akaileta juu ya lori la ndizi, imefungwa kwenye mkeka. Waliishusha kwa uangalifu, watu wawili huku na wawili huku, wakailaza uani. Bibi alitoka, akautazama ule mkeka, akauliza, "Na mwenyewe alizikwa vizuri?"

"Alizikwa, Mama," Baba akajibu. "Hiki ni chuma."

"Sijasema si chuma," Bibi akasema, akarudi ndani.

Yalikuwa maneno hayo tu, lakini kwangu yalitosha. Lazima niwaeleze mambo ya ng'ombe ili mnielewe. Kwetu ng'ombe akinunuliwa mbali haachwi hivi hivi zizini. Bibi alikuwa akichukua nyasi zile tunazotandika sakafuni, zilizokwisha kukanyagwa na kushika harufu ya nyumba, akamsugua nazo mgongoni, akamfunga kishada shingoni, akamlambisha chumvi kwenye kiganja, akamwambia kwa sauti kwamba hapa ndipo kwake. Mwaka mmoja walinunua ng'ombe kule Ndama siku ambayo Bibi alikuwa msibani, wakamwingiza zizini bila hayo yote. Kulipokucha hakuwepo. Walimkuta Ndama, amesimama mbele ya zizi lake la zamani anasubiri afunguliwe. Niliona kwa macho yangu alivyorudishwa anaburutwa, shingo imegeukia alikotoka.

Nami nikawaza. Kama ng'ombe anakumbuka kwao, magurudumu je, ambayo kazi yake yote ni barabara? Difu hii kwao ni Bugomora, na kule Bugomora mwisho wa safari zake ni kwenye korongo. Hakuna aliyeisugua nyasi wala kuilambisha chumvi. Na mama yangu ndiye atakayepanda.

Nilimfuata fundi Respicius alipokuwa amekaa juu ya jiwe anapangusa spana zake. Alikuwa kijana mwenye maneno mengi, wa hapo hapo kijijini, na Baba alimwamini.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba, Koku."

"Hii difu inajua njia?"

Alicheka mpaka akaiweka spana chini. "Inajua kuliko baba yako. Kyerwa yote imeizunguka. Ukiiacha peke yake usiku, asubuhi utaikuta Bugomora inakunywa chai."

Alinitania tu, maskini. Usiku huo nililala nimetega sikio uani.

Kazi yenyewe ilimsumbua. Difu ya gari dogo ilikuwa fupi kuliko ya pikapu, matairi yakaingia ndani, Bihogo ikaonekana nyuma kama mtu aliyebana magoti. Waya wa hendibreki haukufika. Halafu kukawa na suala la springi. Kwenye teksi springi zilikaa juu ya difu, kwenye pikapu yetu zilipita chini yake, kwa hiyo vikalio vya springi vilitazama upande usiotakiwa. Njia sahihi ilikuwa kuvikata na kuvichomelea upya, lakini mashine ya kuchomelea ilikuwa mjini na gari la kutupeleka mjini ndilo hilo lililokaa juu ya magogo. Mama naye alikuwa ameanza kutembea ameshika kiuno. Respicius akaona njia ya mkato. Akaigeuza difu nzima, tumbo likaangalia juu, vikalio vikakutana na springi vizuri kabisa, akafunga nati zote, akajipongeza.

Jumamosi jioni watu walikusanyika kuona. Bihogo ilikuwa imeelekea migombani, nyuma yake ndiko barabarani. Baba aliwasha, akatia gia ya kwanza, akaachia klachi taratibu, na Bihogo ikarudi nyuma. Kuku wakaruka. Baba akakanyaga breki, akaitazama gia, akaitia tena ya kwanza mbele ya macho ya watu wote. Ikarudi tena nyuma, taratibu, imedhamiria, kuelekea barabarani, na barabara ile ndiyo ya kwenda Ndama na kutoka Ndama kwenda Kyerwa.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nilikimbilia nyuma ya jiko, nikabaki kuchungulia nikiwa huko.

Respicius aliingia chini ya gari, akakaa humo muda, akatoka uso umembadilika. "Mzee, nimekosea," akasema. "Kuigeuza kumegeuza na mzunguko. Gia zote za mbele zimekuwa za nyuma. Rivasi ndiyo imekuwa ya mbele. Jumatatu nitatafuta usafiri nipeleke vikalio vikachomelewe, niifunge upya."

Nilimsikia, na hata leo naweza kuyarudia maelezo yake. Hayakunisaidia. Mtu akikueleza kwa nini ng'ombe anarudi kwao, bado ng'ombe anarudi kwao. Nikamtazama mama. Alikuwa kwenye mkeka anachambua maharage, na mikono yake ilikuwa imesimama. Baba naye alikuwa anamtazama yeye, hacheki. Nilidhani na wao wameliona nililoliona mimi.

Jumatatu haikutusubiri. Jumapili, watu wakiwa wameteremkia kanisani, Bibi alitoka chumbani kwa mama akifunga kanga kiunoni upya. Baba, aliyekuwa mzee wa kanisa na alikuwa tayari amevaa shati lake jeupe, alisimama palepale.

"Imeanza," Bibi akasema. "Na inakuja vibaya. Tuma watu walete engozi."

Sauti ya mama ikatoka ndani. "Sipandi engozi."

"Mama Koku, gari halijawa sawa," Baba akasema kupitia dirisha.

"Engozi nilishaipanda. Unajua nilichorudi nacho." Akavuta pumzi. "Niwekeni kwenye gari, hata kama linatembea kinyume."

Ndivyo tulivyoondoka. Godoro nyuma, mama juu yake, Bibi amemshika kichwa. Mimi nilipewa gogo la kuzuia tairi, maana hendibreki haikuwepo na hapakuwa na mwingine wa kuruka nalo mlimani. Kabla ya kupanda nilikimbia kwa Bibi, nikachota nyasi za sakafuni kwake nikazisokomeza kifuani ndani ya gauni, na chumvi nikaifunga kwenye kipande cha jani la mgomba. Baba aliigeuza Bihogo kwa shida hapo uani, kisha akatia rivasi, tukaanza kwenda mbele.

Rivasi ina mlio wake, mnaujua. Ni kilio kirefu kisichobadilika, na tulikwenda nacho kilima hadi kilima, kwa mwendo wa mtu anayewahi sokoni. Watu waliotoka ibadani walitusimamia pembeni, wengine wakitembea sambamba nasi, wakisalimia, wakiuliza kulikoni, mpaka wamsikie mama ndipo wanyamaze. Kila injini ilipozimika mlimani niliruka na gogo, nikaliweka nyuma ya tairi, na kila nilipoinama niliiona difu. Lile tundu lake la kupumulia, lililopaswa kuwa juu, lilikuwa limegeukia chini, na oili ilikuwa inadondoka humo tone kwa tone, inanuka. Baba aliinama akaona pia. Nilijua tu kwa alivyojifuta mdomo kwamba oili ile ikiisha tumekwisha.

Nyuma huko mama alikuwa ameacha kulia. Hilo lilinitisha kuliko kilio.

Baada ya kuvuka Ndama kuna njia panda. Mkono wa kushoto unapanda hospitali, wa kulia unakwenda Kyerwa. Nilikuwa nimeiwaza njia panda hiyo tangu tulipotoka nyumbani. Na pale pale, kabla ya kukata kona, rejeta ikachemka, mvuke ukafumuka, Bihogo ikasimama pua yake imeelekea mkono wa kulia.

"Tusubiri ipoe," Baba akasema. "Hakuna namna. Ikifa hapa hatufiki."

Alifungua boneti akasimama hapo, shati jeupe limegandana na mgongo. Nami nikaona ndiyo hivyo, imekumbuka. Niliweka gogo, nikajipenyeza chini ya gari. Oili ilinidondokea shingoni. Nilitoa nyasi nikaanza kuisugua ile difu ya moto, nikinong'ona kwa Kinyambo, lugha yetu, kwa sababu sikudhani inaelewa Kiswahili.

Mkono wa Baba ulinishika mguu ukanivuta nje.

"Koku, una wazimu? Gogo likiteleza je?"

"Haijasuguliwa nyasi," nikamwambia, na hapo machozi yalinishinda. "Hakuna aliyeiambia kwetu ni wapi. Inataka kurudi kwao, Tata. Itampeleka mama kwenye korongo."

Nilisubiri kofi. Bibi akainua kichwa juu ya bodi. "Mwache amalize," akasema. "Kwani injini imeshapoa?"

Baba alinitazama, akaitazama barabara ya Kyerwa. Alikuwa mtu wa kuhubiri dhidi ya hirizi, aliyewahi kumkatalia jirani kufunga kitambaa chekundu shambani.

"Umeiambia nini mpaka sasa?" akaniuliza.

"Imfikishe mama. Halafu iturudishe nyumbani."

"Chumvi unayo?"

Nilimpa. Akalala chali kwenye vumbi na shati lake la kanisani, akaingia chini. Nilichuchumaa nikamwona akiipaka chumvi kwa kiganja, akisokota nyasi zilizobaki kuwa kishada, akikifunga kwa ukanda wa jani la mgomba kwenye shingo ya difu, fundo lile la kufungia ndama. Alisema maneno ambayo sikuyasikia. Kisha akaipiga piga kwa kiganja, kama anavyompiga ng'ombe ubavuni anapotaka asogee.

Injini iliwaka. Nilikaa nimeshika dirisha, macho kwenye tairi la mbele, na nililiona likigeuka kushoto.

Sijui mengi ya huko ndani. Nilibaki nje nimekaa juu ya gogo langu, nikihesabu madirisha ya hospitali na kupotea hesabu. Baadaye Bibi aliniambia mtoto alitoka amejizungushia kitovu shingoni, rangi ya zambarau, na kwamba tungekawia kidogo tu tusingemkuta. Baba alipotoka alikaa kwenye bampa la Bihogo.

"Ni mvulana," akasema. "Mama yako anataka uji."

Respicius aliifunga upya kama alivyoahidi, tundu likarudi juu, gia zikarudi mahali pake, na Bihogo ikatembea mbele miaka yote iliyofuata. Baba hakulizungumza tena lile la njia panda. Bibi akijaribu kumchokoza, alikohoa na kuulizia chakula. Nilipokua na kuelewa jinsi meno ya difu yanavyozunguka, nilijicheka. Na nilijua, au nilidhani najua, kwamba Baba alifanya vile kumtuliza mtoto aliyekuwa analia, maana injini ilikuwa bado ya moto na hakuwa na lingine la kufanya. Nilimpenda kwa hilo.

Mnunuzi alikuwa bado amelala chini ya pikapu siku ile ya harufu. Akaita, "Jamani, hii nyasi huku ni ya nini?"

"Ya kuzuia vumbi," Mugisha, ndiye mvulana yule wa hospitali, akamjibu bila hata kugeuka. "Lisiingie kwenye tundu la difu."

Nilitoka jikoni. "Nani kakwambia?"

"Tata. Tangu anifundishe kuendesha. Kila safari ya mbali lazima ibadilishwe."

"Nyasi za wapi?"

"Za sakafuni kwa Bibi. Nyingine Tata alikuwa hataki, alisema zinaoza upesi." Akacheka kidogo. "Ndiyo maana kile chumba cha marehemu Bibi bado nakitandika nyasi, dada. Ulidhani kwa nini? Nyumba yote ina sementi."

Nilimwuliza mara ya mwisho ilibadilishwa lini. Alikunja uso. "Siku ya kumpeleka Tata hospitali. Alikataa kupandishwa mpaka niifunge. Akataka niipake na chumvi, nikadhani ni homa inasema. Nikaipaka tu ili tuondoke." Sote wawili tuliikumbuka Bihogo ilivyoingia uani siku chache baadaye, imemleta amefunikwa shuka, taratibu, bila kuzimika hata mlimani.

Nilijilaza kwenye nyasi na nguo zangu za msiba, nikachungulia. Kishada kilikuwa pale shingoni, hakijakauka sawasawa, na fundo lilikuwa lile la kufungia ndama.

Mnunuzi alitoka upande wa pili akijipangusa mikono, akauliza tunataka ngapi. Mugisha alinitazama mimi.

"Haiuzwi," nikamwambia. "Imeshazoea kwetu."